Sentensi Arobaini na Moja

Kila asubuhi nikishakunywa chai naweka kiti barazani, navaa miwani, naweka hedifoni masikioni na kuanza kuwasikiliza watu nisiowajua. Mmoja anasoma, "Wanafunzi wamerudi shuleni baada ya likizo." Mwingine anasoma, "Bei ya nyanya imepanda tena wiki hii." Chini ya kila sauti, kwenye kioo cha simu, imeandikwa sentensi aliyotakiwa kuisoma, na chini yake vipo vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Kama alichosoma ndicho kilichoandikwa, nabonyeza Ndiyo. Kama sicho, Hapana. Kisha anakuja mwingine.

Kazi hii haina mshahara. Ni mradi wa watu wanaotengeneza programu ya kuifundisha kompyuta kusikia Kiswahili, ili mtu asiyeona, au asiyejua kuandika, aseme na simu yake ikamwelewa. Programu yenyewe si mali ya mtu. Ufundi wake wa ndani umeachwa wazi, anayetaka kuusoma anausoma, anayeweza kuongeza anaongeza. Wanaoongeza wanaitwa wachangiaji. Mimi ni mmojawao, nina miaka sabini na mbili. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na maisha yangu ya kazi niliyamalizia ukarani machinjioni Vingunguti. Sasa naishi Chanika, kwenye nyumba tuliyoijenga polepole kwa miaka kumi na moja, ambayo marehemu mke wangu aliikalia mitatu tu.

Sikujiunga ili kuisaidia kompyuta isikie. Nilikuwa namtafuta yeye.

Aliyeuleta mradi huu nyumbani ni binti yetu. Alikuwa amemaliza chuo, hajapata kazi, na kutwa alikuwa chumbani na kompyuta yake. Nilipomuuliza anafanya nini akaniambia anachangia.

"Unachangia nini? Harusi ya nani?"

Akacheka, akanieleza. Nikamuuliza wanamlipa kiasi gani. Akasema hawamlipi, wala hao wengine hawalipwi.

"Kwa hiyo unawafanyia kazi watu usiowajua, bure, kwa umeme wangu."

"Bando nanunua mwenyewe, baba."

"Umeme nao ununue."

Nilisema hivyo mbele ya mama yake, na nilijua nimemuumiza, na niliridhika. Nayaandika haya kwa sababu hakuna mwingine wa kuyaandika.

Mradi ulikuwa na upungufu wa sauti za wanawake watu wazima. Waliojitolea kusoma wengi walikuwa vijana wa kiume, na kompyuta ilikuwa ikimsikia kijana lakini bibi inamkosa. Basi binti akamwomba mama yake. Mke wangu aliishia darasa la saba, na alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Asubuhi alikuwa akiuza vitumbua barabarani, akirudi anaoga, anafunga kanga safi kana kwamba anakwenda kupigwa picha, wanajifungia chumbani. Waliegemeza godoro dirishani kuzuia kelele za fundi wa mageti wa jirani. Mimi niliwasikia kutoka sebuleni.

"Bismillahi. Mvua ilinyesha na barabara haikupitika."

"Mama, bismillahi haipo kwenye sentensi."

"Kwa hiyo nianze jambo bila bismillahi?"

"Ukiongeza neno ambalo halijaandikwa wanaikataa."

"Basi hao watu wako ni wa ajabu. Haya, weka tena."

Kisha: "Bismillahi. Mvua ilinyesha..." Na wote wawili wanaangua kicheko.

Walifikia suluhu kwamba aseme bismillahi moja mwanzoni, kabla mashine haijawashwa, iwatoshe sentensi za siku nzima. Sentensi zilichapwa kwenye karatasi. Iliyosomwa, binti aliiwekea alama ya penseli. Iliyokwisha kutumwa kwenye mradi, aliipigia mstari wa kalamu nyekundu.

Mimi sikuwa na subira nao. Chakula kilichelewa, au niliona kimechelewa. Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Mke wangu alizaliwa kusini, vijijini Masasi, na ulimi wake haukuhama kwao hata baada ya kukaa nami Dar miaka arobaini. Mimi ni mtu wa pwani, nimesoma sekondari, nilijiona mwenye Kiswahili. Nilimsahihisha mbele ya wageni. Nilimwiga matamshi, watu wakacheka, naye akacheka nao, kisha akaenda jikoni. Niliposikia anatoa sauti yake iende ulimwenguni, nikamwambia binti, "Mtaifundisha hiyo kompyuta Kiswahili cha kwenu." Mama yake alikuwa nyuma ya pazia. Siku mbili hakusoma. Siku ya tatu binti akambembeleza, akaendelea.

Kisha ulitokea msiba kusini. Mke wangu na binti wakasafiri, kompyuta ikabaki. Wakati huo mimi nilikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana pale mtaani na nilitaka kuichapa katiba yetu upya. Nikaiwasha ile kompyuta. Ilikuwa nzito, ikichukua nusu saa kufunguka. Nikaibeba mpaka kwa fundi, kijana mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na kituo. Akaiangalia, akasema, "Mzee, hii imejaa. Tuifomati tu, itakuwa kama mpya."

"Fanya."

"Inafuta kila kitu lakini. Kuna vitu vya kuhifadhi humu?"

Nilijua vipo. Sikujua ni vingi kiasi gani, wala sikujua kwamba ni vichache tu vilivyokuwa vimetumwa, kwa kuwa binti alitaka kwanza kuvisikiliza vyote na kuvisafisha. Lakini nilijua ile kazi yao imo. Nikamjibu, "Hamna."

Waliporudi, binti akaifungua. Hakupiga kelele. Alikaa muda mrefu mikono ikiwa mapajani. Nikamwambia fundi ameifuta bila kuniuliza, vijana wa siku hizi hawana umakini. Jioni ile aliondoka nyumbani, akarudi macho mekundu, sikumuuliza alikokwenda. Mke wangu alisema tu, "Si tutasoma tena?" Wakasema watasoma tena. Hawakusoma. Mwezi wa tatu baada ya hapo presha ilimwangusha akiwa anakoroga unga wa vitumbua. Alilala hospitali siku nne bila kusema neno, tukamzika Chanika hapahapa.

Binti akapata kazi, akapanga Tegeta, upande wa pili kabisa wa jiji. Alikuja Idd zote mbili na katikati pia, akinisalimu kwa adabu, akinipikia na kufua mapazia. Alininunulia hii simu ya tachi. Hakuwahi kunikosea heshima hata siku moja. Lakini tulipokaa wawili tuliangalia taarifa ya habari.

Mwaka jana nilifungua sanduku la kanga za marehemu, dada yangu alitaka tuzigawe. Katikati ya kanga nikazikuta zile karatasi za sentensi. Alama za penseli zilikuwa nyingi, zaidi ya mia sita. Mistari myekundu nikaihesabu: arobaini na moja. Juu ya karatasi ya kwanza imeandikwa anwani ya mradi kwa mwandiko wa binti.

Ndani ya nyumba yetu haikuwamo sauti ya mke wangu hata moja. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Kwenye video za harusi alijificha jikoni. Nikawa nimekaa juu ya kitanda nikifikiri kwamba mahali fulani, kwenye mradi wa watu nisiowajua, zipo sentensi arobaini na moja alizozisema kwa mdomo wake.

Binti alipokuja nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari tu, zile sauti zinakaa wapi. Akaniambia zinachanganywa na za watu wengine wote na hazibaki na jina, ili asiyetaka kujulikana asijulikane. Mtu hawezi kuomba apewe ya fulani. "Labda umkute kwa bahati, baba, ukiwa unahakiki." Nikamuuliza kuhakiki ni nini. Akanitazama, akanieleza kwa ufupi, akaingia jikoni. Sikumwambia nina nia gani.

Kujiandikisha kulinichukua siku tatu. Siku ya kwanza nililisahau neno la siri nikiwa bado nalichagua. Nilitakiwa kuchagua jina la kutumia, nikaweka Karani. Umri walikuwa wameupanga kwa makundi, na la mwisho kabisa liliandikwa sitini na kuendelea. Kulikuwa na mwongozo wa wachangiaji wapya, kurasa nyingi. Niliuruka. Nilijiambia, mimi huyu, wa kufundishwa kusikiliza Kiswahili?

Basi nikaanza kazi kama niliyoijua. Machinjioni nilisimama na daftari karibu na mkaguzi, nikaona nyama ikipita na nyingine ikitupwa. Nikawa mkaguzi. Aliyesoma kwa lafudhi ya Kanda ya Ziwa, Hapana. Aliyechanganya ra na la, Hapana. Dada mmoja wa kaskazini alisoma vizuri kabisa lakini kwa mwimbo wa kwao, Hapana. Wiki mbili nilifanya hivyo kwa bidii, huku nikizisubiri sentensi zangu zenye mistari myekundu, ambazo nilikuwa nimezikariri. Sentensi moja walipewa watu wengi kuisoma. Mara kwa mara ikatokea moja ninayoijua, moyo ukaruka, nikabonyeza kusikiliza, nikakutana na kijana wa kiume mwenye mafua.

Kisha nikapata ujumbe kutoka kwa mratibu wa upande wa Kiswahili, mwanamke.

"Habari kaka Karani! Asante kwa kujitolea, karibu sana kwenye mradi. Naona umekataa rekodi nyingi ambazo wenzako wamezipitisha. Ulipata nafasi ya kusoma mwongozo?"

Nikamwandikia kwa hasira kwamba mimi si kaka, ni mzee wa miaka sabini na mbili, na kwamba watu hao hawajui kutamka.

Akajibu saa ileile. "Shikamoo mzee wangu! Nisamehe sana, huku hatuonani. Mzee, lafudhi si kosa. Tunaitaka kompyuta imsikie kila mtu anavyosema kwao. Makosa ni matatu tu: neno limeongezwa, neno limerukwa, au inasikika sauti ya mtu mwingine. Nakuomba uzipokee hizo lafudhi. Mimi mwenyewe ni wa Tukuyu, ungenikataa."

Nilikaa na ile simu mpaka chai ikapoa. Sikuwa nafikiria watu wa Kanda ya Ziwa. Nilifikiria kwamba sauti ya mke wangu nayo ilipita mbele za watu kama mimi, wenye sekondari zao na pwani zao. Ni wangapi walibonyeza Hapana kwa sababu ya ule ulimi wa Masasi? Na binti alikuwa amenieleza kwamba iliyokataliwa na wawili inaondolewa, hairudi. Inawezekana zile arobaini na moja zilikwisha siku nyingi.

Nikamjibu, "Marahaba. Nimekosa. Naomba kuanza upya." Akasema hakuna kuanza upya, niendelee tu, na kwamba zile nilizozikataa zitapitiwa na wengine. Nikausoma mwongozo wote, kwa kidole, mstari kwa mstari.

Ilipita miezi. Nikajifunza kupokea. Nikawa najua mtu wa Tabora na mtu wa Tanga kabla hajamaliza neno la pili, na nikabonyeza Ndiyo. Kuna bwana mmoja nadhani ni mzee kama mimi, anakohoa kwanza, kisha anasoma kama anatangaza mpira. Nilimpenda. Na nilizidi kuamini kwamba nimechelewa.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Sentensi ikatokea: "Daraja jipya litajengwa karibu na soko." Ni moja ya zile zenye mstari mwekundu. Nilikuwa nimekwisha kuisikia kwa sauti za watu sita, kwa hiyo sikutazamia kitu. Nikabonyeza.

Kwanza pumzi, ile ya mtu anayejiandaa kubeba ndoo. Kisha mke wangu akasema, taratibu, kila neno peke yake, "Daraja jipya litajengwa karibu na soko."

Na kabla mashine haijazimwa, kwa mbali lakini wazi kabisa, sauti ya mwanamume: "Hivi leo tunakula, au mnaongea na hilo dude?"

Naye, haraka, kwa sauti ya chini: "Nakuja."

Hapo ikakatika.

Nilisikiliza mara nyingi sana siku ile. Sauti ya mwanamume nilichelewa kuijua, kwa kuwa mtu hajisikii anavyosikika. Nilidhani ni jirani. Baadaye nikakubali.

Rekodi ikishabonyezwa Ndiyo au Hapana inaondoka. Usipobonyeza, inakaa. Kwa hiyo sikubonyeza. Alhamisi nzima na Ijumaa nzima niliiacha ile simu kwenye chaji, ukurasa ukiwa wazi, nikiogopa umeme usikatike. Waliopiga sikuwapokea, nikiogopa ukurasa usije ukafungika. Dada yangu akadhani naumwa, akampigia binti. Jumamosi saa tano binti akaingia getini akikimbia.

"Shikamoo baba. Una nini? Mbona hupokei?"

"Marahaba. Sina kitu. Pole na foleni."

"Nimetoka Tegeta saa mbili, roho mkononi, halafu unaniambia huna kitu!"

Nikamwambia akae. Nilikuwa nimepanga kumpa hedifoni kwanza, asikilize, tulie wote, yaishe hapo. Lakini nilipomwona anahema, amevaa viatu viwili visivyofanana kwa haraka, nikaona kwamba hiyo ingekuwa njia ya kumpa zawadi kwa mkono mmoja na kuficha mwingine.

"Ile kompyuta yako," nikasema.

"Baba, hayo yalishapita."

"Hayajapita. Nilikwambia fundi alifuta bila kuniuliza. Aliniuliza. Aliniuliza kama kuna vitu vya kuhifadhi, nikamwambia hamna."

Akauweka mkoba wake chini. Kisha akasema, "Ulijua zimo?"

"Nilijua zimo."

"Mimi nilikwenda kumtukana yule kaka, baba. Jioni ileile. Mbele ya wateja wake. Nilimwita mwizi. Na yeye anasema tu, dada, nilimuuliza mzee, nilimuuliza. Nikamwambia asimsingizie baba yangu."

Kile kibanda kilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na huyo fundi hakuna anayejua alikohamia. Nimekwisha kuuliza.

Binti akaingia ndani. Nilisikia vyombo vikioshwa, vyombo ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha. Aliporudi alikuwa amejifuta uso. Nikampa simu bila maelezo. Akaisoma ile sentensi, akaniangalia, akaweka hedifoni.

Sitaandika alivyolia. Alisikiliza mara tatu, kisha akasema, "Nilipitiwa. Hii nilituma kwa haraka, bando lilikuwa linaisha. Sikusikiliza mpaka mwisho."

"Nimeogopa kubonyeza," nikamwambia. "Itaondoka."

Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyelala nje kwa kudhani mlango umefungwa. Akachomoa hedifoni, akatoa simu yake mwenyewe, akaiweka karibu na yangu, akawasha kinasa sauti. Nusu dakika. Siku mbili zangu zote zilikuwa nusu dakika kwake.

"Huko mwishoni," nikauliza, "unaweza kunikata?"

"Naweza. Lakini nikikukata wewe, ile nakuja yake haitaeleweka anamjibu nani." Akaifunga simu yake, akaiweka kwenye mkoba. "Na hii ya kwenye mradi haipiti, baba. Unajua."

"Najua. Sauti ya mtu mwingine."

"Bonyeza basi."

Nikasikiliza mara ya mwisho, kisha nikabonyeza Hapana. Pale wanapouliza sababu nikachagua ile ya tatu. Ikaondoka. Papo hapo akatokea kijana wa kike nisiyemjua, anasoma habari za mahindi, na binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti akingoja, kwa hiyo nikabonyeza Ndiyo.

Alipika, tukala, hatukuwasha taarifa ya habari. Wakati anaondoka nilimwomba anitumie ile sauti aliyoinasa. Akasema, "Nitakutumia."

Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile. Ananipigia kila Ijumaa, ananiuliza presha, ananiuliza kama nimekula. Hajanitumia. Sijamkumbusha, na sitamkumbusha. Yeye ndiye aliyemwomba mama yake asome, na mimi ndiye niliyesema hamna.

Zile karatasi nimezibandika ukutani barazani. Sentensi ya daraja nimeichora duara. Zimebaki arobaini, kama bado zipo. Kila siku baada ya chai naweka kiti.